Miiba Katika Njia ya Ng'ombe

Magazetini naona orodha za kazi za bustani za msimu wa joto. Nyunyizia maji asubuhi, pogoa maua yaliyonyauka, weka nyasi kavu chini ya nyanya. Nazisoma hadi mwisho, kisha nalikunja gazeti kwa hasira ambayo mwandishi wa orodha hakuistahili. Hakuna orodha iliyowahi kuitaja kazi niliyoifanya mimi kiangazi kile, yaani kuziba nyufa. Wala haitaji kazi nyingine niliyoifanya asubuhi moja tu, ambayo sijaweza kuisamehe mpaka leo.

Kiangazi kikikolea, kaskazi inapovuma kama pumzi ya tanuri, watu wa kwingine hukaa wakingoja mvua. Sisi wa kando ya Tana, chini kidogo ya Garsen, huo ndio wakati wetu wa kupanda. Tunangoja maji yaondoke. Mto ukishajaa na kumwagika mashambani, unaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, na nyuma yake unaacha tope jeusi, laini, lenye harufu ya samaki na majani yaliyooza. Mkulima anaufuata. Mama alikuwa akichomeka kijiti kila asubuhi pale maji yalipoishia. Kesho yake maji yalikuwa yamesogea, na nafasi iliyokuwa kati ya kijiti cha jana na maji ya leo ndiyo iliyokuwa shamba jipya. Hakulipanda siku ileile. Alilikanyaga kwanza. Tope likimeza kifundo cha mguu, aliliacha. Likishika unyayo likabaki na alama ya vidole vitano, alisema, "Haya, limeiva," akachukua muo wake, ule mti wenye ncha wa kutobolea mashimo, akaanza.

Mwaka ule maji hayakumwagika tu. Yalikuja na kukaa. Mvua zile kubwa za mwisho wa mwaka zilipandisha maji mpaka kwenye paa la jiko letu, zikatupeleka kwenye mwinuko wa mchanga, kijiji kizima chini ya maturubai, tukala mahindi ya msaada yaliyoshushwa kwa helikopta. Barabara ya Malindi ilikatika. Baba, aliyekuwa mlinzi wa duka huko Malindi, hakuweza kurudi, na barua zake hazikufika. Ndani ya mtumbwi uliotuhamisha mama hakupakia godoro wala kabati. Alikumbatia kibuyu kilichozibwa kwa nta. Ndani yake kulikuwa na mbegu zake zilizochanganywa na majivu: kunde, pojo, maboga, na mahindi mafupi mekundu yenye madoa meupe, ambayo mama yake alimpa alipoolewa, na mama yake naye alipewa na wake.

Tulipokuwa pale kwenye mwinuko kuna siku chakula hakikushuka. Dada yangu mdogo alilia mpaka sauti ikakauka. Mwanamke wa turubai la jirani akamwambia mama, "Wewe una mahindi kwenye kibuyu na mtoto analia hivi?"

Mama akajibu, "Nikiyapika leo, huyu mtoto atalia maisha yake yote."

Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, najua mambo mengi yasiyo na maana. Nilimwona mkatili. Lakini tuliporudi kijijini, na maji yalipoanza kushuka, nilimwona akikifungua kibuyu kile kwa ncha ya kisu, taratibu, kama anayefungua jicho la mgonjwa, ndipo nikajua kwamba kila kitu chetu kilikuwa mle. Mbegu zilikuwa hizo tu. Zikishika, tutaondoka kwenye foleni ya msaada na mama ataweka nyingine. Zisiposhika, hakuna pa kuzipata tena.

Basi tukaufuata mto. Juu, penye udongo ulioanza kukaza, mahindi. Chini yake kunde na pojo. Chini kabisa, karibu na maji, maboga. Mistari haikunyooka, ilijipinda vile maji yalivyojipinda yaliporudi, na ukisimama juu ya ukingo uliona shamba limebaki na umbo la mto uliokuwa pale.

Kazi yangu ilikuwa nyufa. Tope likikauka linapasuka, na ufa ukiachwa unakata mizizi kama kisu na kuingizia jua mpaka chini. Kwa hiyo saa sita mchana, wakati wenye akili wamelala, mimi nilikuwa nikitembea na kikapu cha udongo mkavu uliopondwa, nikijaza ufa mmoja mmoja kwa mkono na kuufunika kwa majani. Mgongo uliwaka. Vidole vilichubuka. Asubuhi nyufa zilizaliwa upya, nami nikarudi. Niliwahi kumwambia mama kwamba hii ni kazi ya wendawazimu. Akasema, "Ndiyo maana nimekupa wewe uliyesoma."

Lazima sasa nieleze malka. Kati ya shamba letu na shamba la baba mdogo, yaani mdogo wake baba, kulikuwa na njia pana ya kupitisha ng'ombe mpaka mtoni. Wafugaji wa nyika huja kiangazi, mabwawa yao yakikauka, na mto ni wao kama ulivyo wetu. Njia hiyo hailimwi. Haina hati wala ua. Yetu ilianzia kwenye mkuyu mkubwa uliokuwa juu na kushuka moja kwa moja hadi majini, na hata mtoto aliyejifunza kutembea jana alijua kwamba ukipanda hapo umepandia ng'ombe.

Mafuriko yaliung'oa mkuyu. Tuliporudi hata shimo lake halikuonekana, limejazwa tope, na mashamba na njia vyote vilikuwa kitambaa kimoja cheusi. Na hapo penye malka palikuwa peusi kuliko kwingine, kwa sababu ya samadi ya miaka yote ile.

Baba mdogo alikuwa mtu wa maneno mazuri. Alikuwa na redio, alikuwa na viatu vya ngozi alivyoviokoa kwenye maji, na kila alipoingia uwanjani kwetu alianza kwa kusifu kitu. Asubuhi moja mama alikuwa chini kwenye maboga. Baba mdogo akanikuta naponda udongo.

"Mwanangu msomi," akasema, "mikono hii ni ya kalamu. Nani kaipa kikapu?"

Nikacheka. Nilipenda kuitwa msomi. Katika kijiji kile hakuna mwingine aliyeniita hivyo bila kejeli.

"Njoo unisaidie kidogo. Nataka kuzungushia ua pale nilipopanda viazi. Nyani wananimaliza."

"Pale karibu na malka?"

"Malka gani? Mto umehama, njia imehama nao. Ng'ombe siku hizi watashukia kule kwenye kona. Nimeshaongea na mama yako, amekubali."

Nilimwamini. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na haianzii kwake. Inaanzia kwangu. Nilijua njia haifuati mto, inafuata mkuyu. Nilijua ukingo wa kule kwenye kona ulikuwa umekatwa na maji ukawa ukuta, hata mbuzi hawezi kuushuka. Nilijua pia kwamba mama hakukubali, kwa sababu mama hajawahi kukubali jambo lolote kabla ya kulilalamikia siku tatu. Lakini nilishika panga. Nikakata matawi ya mathenge, ule mti wa miiba mirefu kama sindano za magunia, nikayaburuta asubuhi nzima, nikayapanga juu, pembeni na chini mwa njia. Nilichomwa mikono yote. Baba mdogo akaniletea chai kwenye kikombe cha udongo chenye kifuniko, kama mgeni wa heshima.

Mama alipopanda kutoka kwenye maboga akasimama akiutazama ua. Kisha akatazama mikono yangu.

"Shemeji," akasema, "hii ni njia."

"Ilikuwa njia, shemeji yangu. Iko wapi alama? Nionyeshe mkuyu."

"Mkuyu umekwenda baharini. Ng'ombe hawakwenda nao."

"Ng'ombe wako wapi? Miezi yote hii umewaona? Nyika imejaa maji, majani yanawafika kifuani. Hawa hawarudi mwaka huu. Na waliobaki ni wachache, maana ugonjwa umewapunguza."

"Wakirudi?"

"Wakirudi nitaongea nao mimi. Wewe hangaika na hayo mahindi yako ya makumbusho." Akacheka, akangoja nasi tucheke. Yeye alikuwa amepata mbegu za pakiti kutoka ofisini Garsen, na mahindi ya mama aliyaita hivyo kila alipopita.

Mama akageuka akashuka tena kwenye maboga. Mume wake alikuwa Malindi, na ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa mume, na mdogo wa mumewe alikuwa amesimama juu yake na viatu. Usiku ule hakuniuliza kwa nini. Alinitoa miiba kwa pini, mmoja baada ya mwingine, akiniinamia kwenye koroboi, na kila mwiba uliotoka aliuweka kwenye kiganja changu kama ananirudishia.

Mahindi yakafika kiunoni, yakaanza kubeba. Kunde zikatambaa na kukutana, na hapo kazi ya nyufa ikapungua kwa kuwa majani yalifunika udongo. Mama alianza kuhesabu kwa vidole siku za kula kunde mbichi. Alianza kuimba, jambo ambalo hakulifanya tangu mtumbwi.

Kisha nyika ikakauka. Ilikauka kwa ghafla kama inavyokauka siku zote, na mchana mmoja, nikiwa nimechutama juu ya ufa, nilisikia kengele za mbao.

Ng'ombe walikuja wakishuka kutoka juu, vumbi limewatangulia. Hawakuwa wengi kama miaka ya nyuma. Mbavu zao zilihesabika. Walipofika pale walipozoea kuingilia, dume lililotangulia likakutana na miiba yangu. Likasimama. Likanusa. Maji yaling'aa chini, karibu kabisa, na wale wa nyuma walikuwa wakisukuma. Dume likageuza kichwa upande wa kushoto, ambako hakukuwa na ua, kwa sababu mama hakuwahi kuhitaji ua. Ng'ombe walikuwa na njia yao.

Nilipiga kelele. Nilirusha kikapu. Ng'ombe mwenye kiu siku tatu hana masikio. Walipita juu ya mahindi, juu ya kunde, wakazama kwenye maboga mpaka magotini, na kila kwato ilipotoka ilitoka na sauti ya kunyonya. Mzee mchungaji alikuja mbio nyuma yao, fimbo juu, akiita kwa lugha yake, akipiga vichwa, akikaribia kulia. Mama alikuwa amesimama katikati ya shamba na muo wake, na ng'ombe walimpita huku na huku kama maji yanavyokipita kijiti.

Walipokwisha kunywa, mzee yule akaja mbele ya mama. Walijuana. Kila kiangazi mke wake alikuwa akituletea maziwa na kuondoka na maboga.

"Mama," akasema, akihema, "mimi naona njia hapana. Miaka yote njia iko hapa. Nani nafunga?"

Mama aliinama akainua bua la mahindi lililovunjika.

"Ng'ombe hapana soma alama. Yeye nasikia maji tu. Mimi ndiyo napaswa ona. Mimi napeleka macho kwa miiba, nasema, leo huyu mama nafanya nini na mimi?"

Alidhani ni sisi tuliofunga. Miaka yote ile ya maziwa na maboga, na alidhani ni sisi. Nikafungua kinywa, na mama akasema kwa sauti ndogo, "Nyamaza. Si kwake utakakoyasema."

Basi niliyasema barazani, siku ya pili, kwenye darasa la shule ambalo kuta zake zilikuwa na mstari wa tope kimo cha mtu. Wanaume walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika videvuni. Baba mdogo ndiye aliyesimama kwanza. Alizungumza kwa niaba ya mama! Alisema shemeji yake ameharibiwa, mjane wa mume aliye hai, mbegu za mababu zimekanyagwa, na kwamba hawa watu wa ng'ombe hawana heshima kwa jasho la mkulima. Alitikisa kichwa. Alifuta jicho. Watu wakaguna kwa huruma, na wengine wakaanza kumtazama yule mzee kwa namna iliyoniogopesha. Niliona jinsi jambo linavyoanza. Mtu mmoja anafunga njia kwa ajili ya viazi vyake, kisha anasimama na kuyageuza kuwa sisi na wao.

Nikasimama. Nikasema njia ilifungwa kwa miiba, na aliyeifunga ni yeye.

"Nani aliyeikata miiba hiyo?" akauliza baba mdogo, kwa upole kabisa.

Nikaificha mikono nyuma.

"Waonyeshe mikono, msomi."

Darasa zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Walicheka kama watu waliopata nafuu. Mwenyekiti akaniambia nikae. Akasema suala la njia litatazamwa baada ya mvua, watu watakapokuwa na nafasi ya kupima. Mzee mchungaji akaambiwa achunge mifugo yake. Kikao kikaisha kwa dua.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na maneno tayari, mengi, ya kuichoma nyumba. Mama alinisikiliza mpaka yakaniishia. Kisha akasema, "Leta panga."

Ilikuwa saa sita, saa ya nyufa. Tulikwenda kwenye ua. Mama akashika tawi la kwanza kwa khanga yake aliyoikunja mara nne, akalivuta. Nikashika la pili kwa mikono mitupu. Nilitaka miiba inichome. Tulifungua juu, kisha tukafungua chini, mpaka njia ikawa wazi kutoka mkuyu usiokuwepo hadi majini, na katikati yake viazi vya baba mdogo vikatanda, kijani, vinene, vimeshiba samadi ya ng'ombe aliosema hawatarudi.

Alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Shemeji! Unaharibu shamba langu!"

"Sijagusa shamba lako," mama akasema. "Shamba lako liko kule. Hapa ni malka. Kilichoota malka ni cha yeyote atakayekiwahi kabla ng'ombe hawajapita, na kesho wanapita." Akanigeuzia uso. "Kata marando."

Nikakata. Nilikata marando ya viazi kwa panga lilelile nililokatia miiba, mafungu kwa mafungu, naye baba mdogo amesimama juu yangu akisema nitalaaniwa, akisema atamwandikia kaka yake, akisema msomi gani anayeiba viazi. Sikuinua kichwa. Ningekiinua ningempiga, na mama alijua, ndiyo maana hakuacha kunihesabia: hapo, na hapo, na lile.

Shamba letu lilikuwa limejaa mashimo ya kwato. Yalikuwa yameanza kukauka kingo, lakini ndani yalikuwa na unyevu, na mengine yalikuwa na samadi yake tayari. Mama hakutumia muo. Alichukua rando, akalikunja kama kitanzi, akalisukuma ndani ya shimo la kwato, akafukia kwa kisigino. Kisha linalofuata. Nikamfuata nyuma. Tulipanda kwa mwendo wa ng'ombe, zigizaga, kila mahali walipokanyaga, mpaka jua likatua na mikono yangu ikawa haifungiki.

Kesho yake ng'ombe walishuka malka, moja kwa moja. Mzee mchungaji alisimama juu akatazama miiba iliyorundikwa pembeni, akatazama mikono yangu, kisha akatazama upande wa nyumba ya baba mdogo. Jioni mke wake alituletea maziwa.

Viazi vilishika. Tuliondoka kwenye foleni ya msaada mvua za masika zilipokuwa zinaisha, na baba akarudi barabara ilipofunguliwa, akasimuliwa habari hii na kila mtu kwa namna yake, akachagua kutochagua. Lakini mahindi mekundu hayakubaki hata bua moja. Mama alipekua shamba lote kwa magoti, akiinua kila jani lililolala, akitafuta hindi moja lililowahi kukomaa. Hakulipata. Kibuyu kile sasa kinahifadhi chumvi. Mahindi anayopanda yanatoka kwenye pakiti, meupe, marefu, na kila mwaka ananunua upya.

Siku tulipochimba viazi vya kwanza, baba mdogo alikuja. Alivaa viatu. Alianza kwa kusifu uwanja ulivyofagiliwa. Mama akamwekea kigoda, akampakulia kwenye sahani nzuri, viazi vinavyofuka moshi na maziwa pembeni, kama anavyopakuliwa shemeji. Alikula. Alilamba vidole. Akasema, "Vitamu hivi. Udongo wenu mzuri, shemeji."

"Kula, vimo vingine," mama akamwambia.

Mimi nilichukua kikapu changu. Jua lilikuwa kali, na palipochimbuliwa viazi udongo ulikuwa umeanza kupasuka. Nilikwenda nikapiga magoti, nikaanza kujaza.